Fomu ya kugombea umeya inachukuliwa wapi? Nataka kumtoa meya wetu

Katibu wa Kijiwe (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, mods naomba msiuunganishe huu uzi na zile za siasa za matusi, mi nina swali la kweli.

Ni kijana wa miaka 29, naishi Dar, manispaa sitaitaja. Nina kibanda cha vipuri vya pikipiki na pia ni katibu wa kijiwe cha bodaboda hapa mtaani. Sasa ni mwaka wa nne mtaro wetu umejaa taka, mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka sebuleni kwa watu, masika iliyopita tumembeba bibi wa jirani mgongoni saa nane ya usiku maji yanatufika magotini. Gari la taka linapita likijisikia, ila hela ya taka mdai wake hajawahi kukosa hata mwezi mmoja na kimashine chake mkononi. Tumeenda kwa mwenyekiti wa mtaa kasema limepelekwa kata, kata wamesema lipo manispaa, manispaa nimekaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa nane nikaambiwa mhusika yupo field.

Sasa juzi nikawa naangalia habari za yule Mamdani, jamaa kazaliwa Kampala hapo 1991, kashinda umeya wa New York na miaka 34 tu, kambwaga Cuomo ambaye alishakuwa gavana, na meya aliyekuwepo, Adams, akajitoa mwenyewe kabla ya siku yenyewe. Nikajisemea kwani sisi tumekosa nini. Nikawaambia wana kijiweni, wakacheka weee, ila kesho yake wakasema poa katibu tunakuchangia, mpaka naandika hapa kuna elfu themanini na sita ya fomu kwenye simu ya mweka hazina.

Kwa hiyo naomba kujua fomu ya umeya inachukuliwa wapi na ni shilingi ngapi, je lazima uwe na chama au unaweza kwenda mwenyewe, na je nikishinda naweza kumtoa huyu mtu wa taka siku hiyohiyo au kuna taratibu. Naomba majibu ya watu wanaojua, wa kuniambia nikalime wapite pembeni.

---

Pweza Mkavu

Rudisha hela za watu mkuu, hiyo fomu haipo hahaha

---

Babu wa Upanga

Kijana usivunjike moyo ila huyo hapo juu kasema kweli, tofauti ni kwamba yeye kacheka mi nitakueleza.

Kwetu huku meya hapigiwi kura na wananchi. Siku ya uchaguzi mkuu unapewa karatasi ya rais, ya mbunge na ya diwani, ya meya hakuna. Meya wanamchagua madiwani wenyewe wakishamaliza kuapa, kwenye mkutano wao wa kwanza, humo ndani wapo madiwani wa kata, wapo wa viti maalum na wapo wabunge ambao ni wajumbe wa halmashauri hiyo. Na anayechaguliwa lazima awe diwani. Anakaa miaka mitano, naibu wake ndo anapigiwa kura kila mwaka. Kwa hiyo ukitaka kumtoa meya usimtazame meya, hesabu kata. Manispaa ina kata ngapi, viti maalum vitaongezeka vingapi, wabunge wangapi, gawa kwa mbili ongeza moja. Hiyo ndo namba yako, na wewe kwenye hiyo namba ni mtu mmoja tu, tena kama umeshinda kata yako.

Sasa nikupe kisa maana wengi wenu mlikuwa shule. 2015 nilikuwa wakala kwenye kituo kimoja Kinondoni, uchaguzi wa tarehe 25 Oktoba. Mwaka ule Ukawa, yani vyama vya upinzani Chadema, CUF, NCCR na NLD, walikubaliana kuachiana maeneo, hapa huyu pale yule, sehemu nyingine walibishana mpaka wakasimamisha wawili lakini kwa jumla walijitahidi. Na ndicho kilichowabeba, sio mikutano ya Jangwani wala helikopta. Tulipomaliza kujumlisha Dar nzima wakawa na madiwani wengi kuliko CCM, kitu ambacho hakijawahi kutokea. Januari 2016 wakachukua Kinondoni, meya akawa Boniface Jacob, wakachukua Ilala kwa Charles Kuyeko, Temeke ikabaki kwa CCM.

Likabaki Jiji lenyewe, maana wakati ule juu ya manispaa kulikuwa na Jiji la Dar es Salaam na meya wake. Hapo ndo nikajifunza kwamba kushinda kata ni kitu kimoja na kuingia ukumbini kupiga kura ni kitu kingine. Uchaguzi ukapangwa ukaahirishwa, ukapangwa tena ukaahirishwa, mara wapinzani wanalalamika kuna wabunge wa viti maalum wameletwa ambao sio wa Dar, mara orodha ya wajumbe haieleweki, mwisho wa Februari watu wamevaa suti wamejaa ukumbi wa Karimjee ikatangazwa kwamba kuna zuio la mahakama, vurugu, polisi, mi nilikuwa nje pale chini ya miti na karanga zangu nikaona watu wazima wanavutana kola. Mpaka tarehe 22 Machi 2016 ndo wakapiga kura, miezi mitano baada ya sisi wananchi kumaliza kazi yetu. Isaya Mwita wa Chadema kura 84, Yenga Omary wa CCM 67. Niliondoka pale kwa miguu hadi nyumbani, sikupanda hata daladala kwa furaha.

Naona umeanza kutabasamu, subiri.

Mwaka huohuo Kinondoni ikagawanywa, ikazaliwa Ubungo. Kata zikagawanyika na hesabu ikageuka, Kinondoni ikarudi CCM chini ya Benjamin Sitta na yule Jacob akawa meya wa Ubungo. Mwaka huohuo tena kodi ya majengo ikatolewa kwenye halmashauri ikapelekwa TRA, hii ilikuwa ya nchi nzima lakini mji wenye maghorofa ndo ulioumia zaidi, meya unayo ofisi unayo cheni shingoni ile hela ya kuzibua mtaro inapita mlango mwingine (siku hizi unaikatwa kwenye umeme wa luku, utakuwa unajua). Halafu madiwani wakaanza kuunga mkono juhudi, yani kuhamia CCM, mmojammoja. Kumbilamoto wa Vingunguti alikuwa naibu meya Ilala kwa CUF, 2018 akahamia CCM na baadaye akawa meya. Januari 2020 wakampigia Mwita kura ya kutokuwa na imani, ukazuka ubishi mkubwa kama theluthi mbili ilitimia au haikutimia, akaenda mahakamani, lakini ndo ikawa safari. Na Februari 2021 Rais Magufuli akalivunja Jiji lenyewe, Ilala ikapandishwa ndo ikawa Jiji la Dar es Salaam, meya akawa Kumbilamoto huyohuyo. Kwa hiyo kile kiti tulichokipigania miezi mitano kijana wangu hakipo tena, hata ukitaka kukigombea huwezi.

Sikuambii haya ili ukate tamaa. Nakuambia ili ile elfu themanini na sita usiitumie kwenye fulana.

---

Katibu wa Kijiwe

Duh. Mzee shikamoo kwanza.

Kwa hiyo meya ni kama monita wa darasa, anachaguliwa na wenzake halafu mwalimu yupo ofisini? Maana kama ni hivyo basi mi nilikuwa nataka kumpiga monita wakati fimbo anayo mwalimu. Na hilo swali la chama hujanijibu mzee wangu, mi chama sina, sijawahi kuwa nacho, wana kijiweni nao wapo mchanganyiko, nikichukua kadi ya huku nusu ya hela nairudisha.

---

Mama Robo Mwaka

Marahaba nijibie na mimi, hujambo mwanangu. Mimi nilikaa baraza la madiwani kipindi kimoja kwa viti maalum, halmashauri ya manispaa sitaitaja na chama sitakitaja, sina shida na mtu.

Hiyo ya monita umeipatia ila sio yote. Mwalimu ni mkurugenzi. Mkurugenzi anateuliwa na Rais, watumishi wote kuanzia mhandisi mpaka bwana afya wapo chini yake, na yeye ndo afisa masuuli, hela haitoki bila kalamu yake. Meya hawezi kumfukuza mtu wa taka, labda akipiga kelele sana. Mkataba wa taka ni zabuni, siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa zabuni za serikali, zina muda wake na masharti yake, ukiingia leo unaukuta umesainiwa na utaondoka unauacha.

Lakini usidharau kiti cha monita. Meya ndo mwenyekiti wa kamati ya fedha, na hapo kwenye kamati ya fedha mwanangu ndo mambo yote yanapita, bajeti, taarifa za mapato ya mwezi, madeni. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nakaa kule nyuma natia sahihi posho nakunywa soda naondoka, nilikuwa sielewi makabrasha yale, unaletewa kitabu kinene kama Biblia jioni halafu kikao asubuhi. Mwaka wa pili tukapata diwani mmoja alikuwa mhasibu mstaafu wa ushirika, kata yake ya pembezoni kabisa, hakuwa na kelele. Akawa anakuja na rula na kalamu nyekundu. Anauliza hivi, mwenyekiti ukurasa wa arobaini na moja makusanyo ya maegesho robo iliyopita yalikuwa haya, robo hii yamepungua nusu, magari yamehama mji? Ukumbi kimya. Kikao cha tatu cha namna hiyo mweka hazina akawa anamletea kabrasha nyumbani siku tatu kabla. Na mitaro ya kata yake ilizibuliwa, hata leo ukipita utaona.

Kuhusu chama jibu ni fupi, bila chama hugombei. Mgombea binafsi kwetu haruhusiwi, alipigania marehemu Mchungaji Mtikila mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki 2013 lakini sheria haijabadilika. Kwa hiyo itabidi uchague, na ukishachagua kuna kura za maoni ndani ya chama, na wajumbe wanaozipiga unawajua.

Na kuna kitu mzee wangu wa Upanga hakukisema labda kwa sababu yeye alikuwa nje chini ya miti. Siku ya kumchagua meya sisi ndani tunakuja tumeshachagua. Kabla ya baraza kuna kikao cha madiwani wa chama, majina ya wanaoomba umeya yalishapanda juu huko chamani yakashuka yamepungua, mnapiga kura wenyewe kwa wenyewe anabaki mmoja, kesho yake ukumbini mnakuja kuthibitisha tu. Chama chenye madiwani wengi, uchaguzi wake wa kweli ni ule wa usiku. Sisi tulikutania kwenye ukumbi wa nyumba ya wageni, simu zote kwenye beseni.

---

Pweza Mkavu

Wajumbe sio watu mkuu, nakuombea.

---

Spea za Kisekka

Msije mkaona Uganda wamepatia kwa sababu Mamdani kazaliwa kwao hehe. Mi Mtanzania nipo Kampala mwaka wa kumi na moja huu, nauza spea soko la Kisekka, katibu tukutane inbox tuongee biashara hayo ya siasa yakikushinda.

Hapa meya wa jiji wanamwita Lord Mayor na wananchi wanampigia kura moja kwa moja, Kampala nzima, sio madiwani. Erias Lukwago kashinda 2011, akashinda 2016, akashinda 2021, mara zote dhidi ya watu wa chama tawala, tena 2016 wakamletea mwanamuziki kabisa, Ragga Dee, na bado. Sasa kwa akili yako unasema huyu atakuwa anaendesha jiji kama gari lake. Thubutu. Kabla hata hajashinda ile 2011 Bunge lilishapitisha sheria ya KCCA, yani mamlaka ya jiji la Kampala, 2010, jiji likachukuliwa na serikali kuu, akawekwa mkurugenzi mtendaji anayeteuliwa na Rais, mama Jennifer Musisi, na waziri wa jiji juu yake. Yeye Lukwago akabaki na joho na kura zake. Wakagombana yeye na mama miaka na miaka, Novemba 2013 madiwani wakapiga kura ya kumwondoa, mahakama ikazuia, ofisi ikafungwa kufuli, tukawa tunamwona kwenye taarifa ya habari anakamatwa tu nje ya geti lake. Alikaa nje mpaka 2016 wananchi wakamrudisha tena kwa kura nyingi. Watu wa huku wanampenda sana ila ukiwauliza kawajengea barabara gani wanakwambia hakuachwa, na wengine wanakwambia yule mama mkali ndo aliweka taa na lami. Wote wana ukweli wao.

Mfano wa mwisho nikuache. Agosti 2024 lile dampo la Kiteezi liliporomoka kwa mvua likafunika nyumba za watu, walikufa zaidi ya thelathini. Taka hizohizo unazolalamikia wewe. Aliyefukuzwa kazi ni mkurugenzi mtendaji na wenzake, na aliyewafukuza ni Rais. Hapo ujue mwenye jiji ni nani. Meya aliyepigiwa kura na watu alikuwa anaongea na waandishi wa habari kama mimi na wewe.

---

Mzalendo Halisi 77

Mnamdanganya kijana na historia za kushindwa. Kijana kama una uchungu na mtaro wako njoo chama kinachoongoza, chukua kadi, gombea ndani, huko ndo kuna meya, mkurugenzi, mbunge, kila kitu kimoja, ukiongea unasikika. Hao wa 2016 walikaa miaka mitano wanagombania maegesho ya gari la meya, mtaro gani walizibua? Hizo kura 84 zilikusaidia nini wewe babu zaidi ya kutembea kwa miguu?

---

Babu wa Upanga

Zilinisaidia mazoezi.

Ila swali lako ni zuri na sitalikwepa. Ni kweli walipoteza muda mwingi kugombana wenyewe kwa wenyewe, Chadema na CUF walikuwa wanaviziana kwenye kila nafasi ya naibu, na ile CUF ilipopasuka pande mbili ndo ikawa balaa kabisa. Hilo ni kosa lao sio la mtu mwingine. Lakini wewe unasema aje ndani kwa sababu kila kitu kimoja. Leo manispaa yake meya na diwani na mbunge ni chama gani? Na mtaro umejaa miaka minne. Kila kitu kimoja hicho si ndo alichonacho sasa hivi?

Na sio ushabiki. 2010 Arusha walichaguana umeya kwa namna ambayo wapinzani waliikataa, kukawa na ubishi wa mbunge wa viti maalum wa mkoa mwingine kupiga kura pale, Gaudence Lyimo wa CCM akatangazwa, Januari 5, 2011 wakaandamana na watu wakapoteza maisha. Kwa ajili ya kiti cha meya. Mimi tangu siku hiyo mtu akiniambia umeya ni cheo cha mapambo namtazama tu.

---

Mzalendo Halisi 77

Hapo kwa Arusha sibishi, pole zao. Lakini hoja yangu ipo palepale.

---

Shosh wa Eastlands

Wacha pia Wakenya tuseme kitu, naona mko na shida ileile na jina tofauti. Sisi meya tulimfuta. Zamani ilikuwa kama yenu tu, macouncillor ndio wanachagua, na kila msimu wa uchaguzi wa meya ungesikia councillor wa upande huu wamefichwa hoteli fulani wasiguswe na upande ule. Katiba ya 2010 ikaja, 2013 tukaanza kuchagua gavana wa Nairobi sisi wenyewe kwa debe.

Na kumtoa aliye kitini tumeweza bana. Kidero alishinda 2013, 2017 Sonko akamtoa. Huyo Sonko naye Februari 2020 akaenda Ikulu akasaini makaratasi kazi za kaunti zikapelekwa kwa serikali kuu, taka, barabara, afya, baadaye akaanza kulia ati hakusoma vizuri, Desemba hiyohiyo Seneti ikamwondoa. 2022 akaja Sakaja. Kutoka 2013 hakuna gavana wa Nairobi ameshinda mara ya pili. Kwa hiyo kutoa tunajua kutoa, na huku kwangu Eastlands gari ya taka bado naisikia kwa redio, na kanjo, askari wa kaunti, wakija sokoni mama mboga anakimbia vile alikuwa anakimbia enzi za meya.

Ile inanifurahisha tu ni kwamba wanatuogopa kidogo. Mwaka wa kura ukikaribia taa za stima zinarudi.

---

Katibu wa Kijiwe

Nimesoma yote mara mbili, asanteni sana, hata Mzalendo nakushukuru ingawa umenikunjia.

Ngoja niseme nilichoelewa mkinirekebisha. Umeya nauacha. Namba yangu ni kata. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa Novemba 2024 kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa ni 2029, udiwani ni 2030, nina muda. Jana usiku nimekaa na mweka hazina tumeandika kata zote za manispaa yetu kwenye daftari la mkopo wa kibandani, mbele ya kila kata jina la diwani na kijiwe cha boda tunachokijua huko, maana kitu kimoja tulichonacho sisi ambacho hao waheshimiwa hawana ni kwamba bodaboda wapo kila kata na wanajuana. Kuna kata nne tu hatuna mtu. Ila sasa hiyo ya chama inanikalia vibaya, nikisema tuungane vijiwe vyote kila mtu agombee kwa chama chake halafu tukikutana ukumbini tupige kura moja, si ndo kile kikao cha simu kwenye beseni kitatutenganisha?

---

Mama Robo Mwaka

Kitawatenganisha. Ndo kazi yake.

Diwani akienda kinyume na kikao cha chama anaweza kuvuliwa uanachama, na ukivuliwa uanachama udiwani umekwenda. Nimemwona mtu analia kwenye ngazi za halmashauri kwa hilo. Kwa hiyo usiwaahidi watu kura moja ya umeya, utawadanganya. Lakini swali la ukurasa wa arobaini na moja hakuna chama kinachokukataza kuliuliza. Mkiwa watu sita wa vyama vitatu wote mmesoma kabrasha, mnauliza swali lilelile, hamjavunja kitu.

Na hamhitaji kusubiri 2030. Mkutano wa baraza la madiwani ni wa wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa na kusikiliza, watu hawajui tu au wanaona aibu. Unakaa kila robo mwaka. Siku ya taarifa za kata kila diwani anasimama anasoma ya kwake, hapo utajua diwani wako anasema nini kuhusu huo mtaro, au kama anausema. Nenda pia kwenye ofisi ya mtaa uangalie ubao wa matangazo kama mapato na matumizi yamebandikwa. Na ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne ya wanawake nne ya vijana mbili ya wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi, kikundi chenu cha boda kiombe. Sio kwa ajili ya hela tu. Ukiomba unapata sababu ya kuuliza nani kapewa na nani hajarudisha.

---

Spea za Kisekka

Mama umetisha. Ungegombea huku ningekupigia kampeni na boda zote za Nakivubo.

---

Katibu wa Kijiwe

Wakuu narudisha mrejesho, samahani nilipotea kidogo.

Tulienda barazani watu watatu, mimi, mweka hazina na yule bibi wa jirani tuliyembeba masika, alisema na yeye anakuja kuwaona. Getini mlinzi akatuuliza mmeitwa na nani, nikamwambia mkutano ni wa wazi, akapiga simu, akapiga tena, tukasimama kama dakika arobaini. Mwisho akatoka mama mmoja wa ofisini akasema waache waingie wakae nyuma wasiongee. Tukakaa nyuma. Viti vya wananchi vipo kama thelathini mzee, tulikuwa sisi watatu na mwandishi mmoja wa habari anachat.

Ilikuwa siku ya taarifa za kata kweli kama mama alivyosema. Diwani wetu alisimama akasoma dakika mbili, ulinzi na usalama shwari, elimu shwari, mazingira mitaro inaendelea kusafishwa kwa ushirikiano na wananchi. Bibi akasema kwa sauti "ipi hiyo?" Watu wote wakageuka. Meya akagonga kirungu chake akasema wageni mnaombwa utulivu. Diwani akamwona bibi, akaniona mimi, karatasi ikaanza kutetemeka, akarudia ule mstari akaubadilisha, akasema kuna baadhi ya maeneo bado.

Madiwani kumi na saba hawakuuliza swali lolote siku nzima, majina nimeandika. Watatu waliuliza, mmoja ni mama wa viti maalum aliyeuliza hela ya taka inayokusanywa mtaani inaingia kwenye akaunti gani, akajibiwa atapewa majibu kwa maandishi. Nilimfuata baada ya kikao nikamwomba akipata hayo maandishi anipigie, akacheka akachukua namba yangu.

Hela za fomu tumepiga kura kijiweni, tumezitumia nauli na chai ya bibi, zilizobaki zinasubiri kikao cha robo ijayo. Mama, hiyo kamati ya fedha nayo mwananchi anaingia?

---

Mama Robo Mwaka

Haingii. Ila muhtasari wake unaletwa barazani kuthibitishwa, usikilize wakifika hapo, ndo huwa wanapapitia harakaharaka kabla ya chakula. Na huyo bibi mpelekeni tena.